Sura ya Sita: Kibali cha Pembezoni, Hatima ya Kitovu

Halmashauri inapotoa kibali cha kujenga maduka makubwa kando ya barabara kuu, kilomita kadhaa kutoka katikati ya mji, huamua mambo mawili kwa saini moja. La kwanza limo kwenye jalada: namba ya kiwanja, ukubwa wa jengo, idadi ya magari yatakayoegeshwa. La pili halimo katika jalada lolote, ingawa ndilo kubwa: biashara zipi zitabaki katika mitaa ya zamani, nani ataendelea kulipa kodi ya fremu huko, na asiye na gari atanunulia wapi mahitaji yake. Hoja ya sura hii ni kwamba miji mingi hupoteza kitovu chake kwa vibali vilivyotolewa mahali pengine. Kupanda miti, kuweka taa na kupaka majengo rangi hakutarudisha uhai wa mitaa hiyo ikiwa vibali vya pembezoni vinaendelea kutoka bila kuhojiwa. Lakini kuvizuia tu hakutoshi pia, kwa sababu mji unaomkatalia mfanyabiashara kiwanja cha nje bila kumwandalia cha ndani unachelewesha tatizo, hauliondoi.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili unapatikana Uingereza, ambako katika miaka arobaini serikali ilifungulia mlango biashara za pembezoni, kisha ikaufunga, kisha ikaulegeza tena. Ni nadra kwa sera kujaribiwa kwa pande zote mbili ndani ya kizazi kimoja. Isitoshe, sheria zetu za mipangomiji zina nasaba na za huko. Sheria ya Tanganyika ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1956 ilifuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1947, na Tanzania iliendelea kuitumia hadi ilipotunga Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Tulirithi wazo kwamba mwenye ardhi hawezi kujenga apendavyo bila ruhusa ya mamlaka, lakini wenzetu waliendelea kubishana juu ya namna ya kulitumia. Mabishano hayo yana faida kwetu leo.

Mlango ulifunguliwa katika miaka ya 1980. Viwanda vya chuma na makaa vilikuwa vikifungwa, watu wengi hawakuwa na kazi, na serikali ya Margaret Thatcher iliamini kwamba ardhi iliyoachwa ukiwa ingefufuka ikiondolewa kodi na urasimu. Kuanzia 1981 yalitengwa maeneo maalumu ambamo biashara zilisamehewa kodi ya majengo ya halmashauri kwa miaka kumi, zikapewa nafuu ya kodi katika gharama za ujenzi, na taratibu za vibali zikapunguzwa. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuvuta viwanda, lakini wenye maduka waliiona fursa hiyo mapema. Huko Gateshead, kwenye ardhi iliyokuwa ikimwagwa majivu ya kituo cha umeme, kilifunguliwa kituo cha maduka cha Metrocentre mwaka 1986. Karibu na Dudley, jirani na kiwanda cha chuma cha Round Oak kilichofungwa Desemba 1982, kikajengwa kwa awamu kituo cha Merry Hill. Sheffield nayo ikapata Meadowhall mwaka 1990, kando ya barabara kuu ya M1, mahali palipokuwa na kiwanda kingine cha chuma.

Yaliyoupata mji wa Dudley yanaonyesha jinsi kitovu kinavyobomoka. Mji wa zamani haukuvamiwa na mtu, wala wakazi wake hawakuupa kisogo kwa siku moja. Maduka machache yaliyokuwa yakivuta watu wengi, likiwemo la Marks & Spencer, yalifunga milango na kuhamia Merry Hill, umbali wa kilomita chache tu. Sasa fikiria fundi viatu, muuza vitambaa na mwenye mgahawa waliokuwa jirani na maduka hayo. Wateja wao wengi hawakuwa wamefunga safari kwa ajili yao. Walikuja mjini kwa ajili ya duka kubwa, wakapita kwao wakiwa njiani. Likiondoka lile kubwa, hawa wadogo hupoteza wapita njia, na hakuna bidii ya kazi inayoweza kufidia hasara hiyo. Wakifunga wao, wapita njia hupungua tena, na mwenye nyumba asiyepata mpangaji huacha kukarabati. Mwaka 1993 serikali ilichapisha utafiti iliouagiza kuhusu athari za Merry Hill, na picha iliyotoka ilikuwa ya Dudley kupoteza sehemu kubwa ya biashara yake. Ikumbukwe kwamba wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakilipa kodi ya halmashauri, na washindani wao wa pembezoni walikuwa wamesamehewa. Ushindani wa namna hiyo hauwezi kuitwa wa haki.

Aliyeufunga mlango alitoka katika chama kilekile kilichoufungua. John Gummer, waziri wa mazingira kati ya 1993 na 1997 katika serikali ya John Major, alisimamia waraka wa sera wa mwaka 1996 uliobadilisha swali linaloulizwa mbele ya kila mwombaji wa kibali. Zamani afisa mipangomiji aliuliza kama kiwanja kilichoombwa kinafaa kwa maduka. Sasa mwombaji alipaswa kupanda ngazi kwa mpangilio: aonyeshe kwanza kama kuna nafasi katikati ya mji, ikikosekana, atafute ukingoni mwa kitovu, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu, ikikosekana huko pia, ndipo afikiriwe eneo la nje, tena linalofikika kwa usafiri wa umma. Kanuni hii ya ngazi, ikiambatana na tathmini ya madhara kwa maduka yaliyopo, ilihamisha mzigo wa uthibitisho. Halmashauri haikulazimika tena kuthibitisha kwamba mradi utaudhuru mji. Mwombaji ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini hakwenda mjini. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine wa serikali, uliochunguza supamaketi kubwa zilizojengwa kwenye miji midogo yenye masoko ya asili, ulikuta kwamba maduka makuu ya vyakula ya katikati ya miji hiyo yalipoteza kati ya asilimia 13 na 50 ya sehemu yao ya soko. Hofu iliyozaa waraka wa 1996 ilikuwa na msingi.

Hata hivyo vituo viwili kati ya vikubwa kuliko vyote nchini humo vilifunguliwa baada ya waraka huo: Trafford Centre karibu na Manchester mwaka 1998, na Bluewater katika jimbo la Kent mwaka 1999. Safari ya vibali vyao ilikuwa imeanza kabla sera haijabadilika, na kibali kilichokwisha kutolewa ni haki ambayo waziri mpya hawezi kuifuta kwa waraka. Mpango wa jengo kubwa huweza kuchukua miaka kumi tangu maombi hadi ufunguzi, kwa hiyo mji unavuna leo maamuzi ya madiwani waliokwisha kustaafu. Anayesubiri kuona maduka ya katikati yakifungwa ndipo aandike sera amechelewa kwa muongo mzima. Wakati wa kuweka kanuni ya ngazi ni pale mitaa ya mjini inapokuwa bado imejaa watu na kanuni yenyewe inaonekana haina haja.

Pingamizi la kwanza ni la mteja. Kama watu walikwenda Merry Hill kwa hiari yao, wakapata maegesho ya bure, paa la kuwakinga na mvua na maduka mengi mahali pamoja, serikali ina haki gani ya kuwaambia warudi kwenye mitaa finyu? Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kwamba chaguo la mteja lilikuwa limeandaliwa. Msamaha wa kodi uliwapa wenye maduka uwezo wa kujenga kwa gharama nafuu, na barabara iliyowafikisha wateja ilijengwa kwa fedha za umma. Inasahau pia wale ambao hawakuulizwa. Sensa ya 1991 ilionyesha kwamba karibu theluthi ya kaya za Uingereza hazikuwa na gari. Mzee, kijana na mama anayesafiri kwa basi hawakupata chaguo la pili. Walipunguziwa lile moja walilokuwa nalo. Kila mteja anapochagua kwa ajili ya siku yake, hakuna anayechagua kwamba mji ubaki bila kitovu. Matokeo hayo hutokana na jumla ya safari nyingi, na jumla ya namna hiyo ndiyo mipangomiji iliyoundwa kuishughulikia.

Pingamizi la pili ni la wachumi, nalo ni gumu zaidi. Jonathan Haskel na Raffaella Sadun walichunguza takwimu za maduka ya Uingereza na kuona kwamba baada ya 1996 kampuni kubwa ziligeukia maduka madogo, na kwamba mabadiliko hayo yalipunguza kasi ya kukua kwa tija. Paul Cheshire na wenzake wa chuo cha London School of Economics walifikia hitimisho linalofanana kwa kuchambua supamaketi za kampuni moja: nafasi ikibanwa, duka huuza kidogo kwa rasilimali zilezile, na kanuni ya mji kwanza huwasukuma wafanyabiashara kwenye viwanja visivyo na tija. Sioni sababu ya kuyakataa matokeo haya. Sera ya kulinda kitovu ina gharama, na sehemu ya gharama hiyo hulipwa na mnunuzi wa mkate. Lakini kipimo cha tija ya duka huishia mlangoni pa duka. Hakihesabu nauli ya anayelazimika kusafiri mbali, wala mabomba na njia za mjini zilizokwisha kulipiwa na sasa hazitumiki ipasavyo, wala thamani ya majengo yanayooza. Inachothibitisha hoja hii ni kwamba kuzuia peke yake ni sera ghali. Ikiwa mji unataka biashara iingie ndani, ni lazima ujishughulishe kuipatia nafasi.

Mahakama nayo imesisitiza jambo hilo. Huko Dundee, Uskoti, halmashauri iliruhusu supamaketi ya Asda ijengwe kwenye eneo la kiwanda cha zamani nje ya kitovu. Kampuni shindani ya Tesco ilipinga, ikidai kwamba kulikuwa na nafasi nyingine ndani ya kituo cha biashara cha mtaa wa Lochee iliyopaswa kutangulizwa. Machi 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikataa rufaa hiyo. Kiwanja cha ndani, ilisema, hupimwa kwa kuangalia kama kinafaa kwa mradi ulioombwa. Mwombaji anatakiwa awe tayari kulegeza ukubwa na umbo la mradi wake kwa kiasi cha busara, lakini hawezi kulazimishwa aubadilishe kabisa ili utoshe kwenye kichochoro. Maana yake kwa halmashauri ni wazi. Kama katikati ya mji kuna vipande hamsini vya ardhi vyenye wamiliki hamsini, mwombaji atapita kila ngazi kwa urahisi na kuibukia nje. Kanuni hupata meno pale tu halmashauri inapokuwa imekusanya viwanja, imelipa fidia, imetengeneza njia za kuingizia mizigo, na inaweza kumwambia mwekezaji kwamba nafasi yake ndiyo hii hapa.

Pingamizi la tatu linatoka upande usiotarajiwa. Wengi huunga mkono sera hii kwa sababu wanampenda mwenye duka dogo, lakini utafiti mwingine wa Sadun ulionyesha kwamba pale supamaketi kubwa zilipozuiwa, kampuni zilezile ziliingia mjini na maduka yao madogo, zikashindana uso kwa uso na wafanyabiashara wa kujitegemea, na hao ndio walioumia. Nadhani jibu la kweli ni kukubali kwamba kanuni ya mahali hulinda mahali. Haiwezi kulinda aina fulani ya mfanyabiashara. Anayetaka kumsaidia mdogo atumie zana nyingine: kodi ya pango, ukubwa wa fremu, na hasa soko. Altrincham ni mfano mzuri kwa sababu mji huo uko ndani ya halmashauri ileile ya Trafford yenye Trafford Centre. Karibu mwaka 2010 takribani asilimia 30 ya maduka yake yalikuwa matupu, na magazeti yaliuita mji wa mizimu. Mwaka 2014 jengo la soko la zamani lilifunguliwa upya likiwa na vibanda vya chakula na meza za kukaa pamoja. Watu wakarudi, na maduka ya jirani yakaanza kupata wapangaji. Hakuna aliyejaribu kushindana na Trafford Centre kwa wingi wa nguo. Mji ulitafuta kile ambacho kituo cha maduka hakina.

Linabaki pingamizi la wakati: kwamba yote haya yamepitwa, kwa kuwa duka sasa liko kwenye simu. Mwaka 2006 mauzo ya mtandaoni yalikuwa takribani asilimia 3 ya mauzo ya rejareja Uingereza; mwanzoni mwa 2021, wakati wa marufuku ya korona, yalizidi theluthi, kisha yakatulia kwenye robo hivi. Woolworths ilifunga maduka yake zaidi ya 800 kufikia Januari 2009, na Debenhams ilifunga ya mwisho Mei 2021. Mwaka huohuo karibu duka moja kati ya saba lilikuwa tupu. Ni kweli kwamba kitovu hakiwezi tena kujazwa maduka peke yake, na hilo linaifanya kanuni ya ngazi ihitajike katika mambo mengi zaidi. Ofisi, sinema na kumbi za sanaa tayari zimo katika orodha ya shughuli ambazo sera ya Uingereza inataka ziende mjini kwanza. Hospitali na vyuo havimo, ingawa huvuta watu kila siku. Halmashauri ya Stockton-on-Tees imekwenda mbali zaidi. Ilinunua vituo viwili vya maduka vya katikati ya mji, ikawahamishia wapangaji kwenye kimoja, ikabomoa kile cha Castlegate, na eneo lake ikalitenga kwa bustani inayouunganisha mji na mto Tees. Kupunguza maduka ili yanayobaki yapate wateja ni uamuzi ambao wamiliki waliotawanyika wasingeweza kuufanya kila mtu kivyake.

Serikali kuu imekuwa ikijenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Mwaka 2012, baada ya mshauri wa biashara ya rejareja Mary Portas kutoa mapendekezo 28 ya kuokoa mitaa ya biashara, miji 12 ya majaribio iligawana pauni milioni 1.2, yaani kama pauni laki moja kila mmoja, kiasi kinachotosha vipeperushi na matamasha. Desemba 2020 miji 72 iliahidiwa pauni milioni 830, lakini miezi mitatu kabla yake sheria ilikuwa imeyaweka maduka, ofisi, migahawa, zahanati na kumbi za mazoezi katika kundi moja la matumizi, ili jengo liweze kubadilishwa kutoka moja hadi jingine bila kibali. Katikati ya mji ulegevu huo unasaidia kujaza fremu tupu. Nje ya mji unafungua uwezekano wa jengo la ofisi kugeuka maduka bila mtu kuuliza swali la ngazi. Hatua yenye mwelekeo bora ni ile ya Desemba 2024, iliyoruhusu halmashauri za Uingereza kupangisha kwa mnada duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miaka miwili. Inamgusa mtu ambaye sera nyingi humwogopa: mwenye jengo anayesubiri bei ipande huku mtaa mzima ukidhoofika.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kusema kwamba tatizo letu ni kinyume cha hili. Kariakoo haina uhaba wa watu. Hata baada ya moto kuliunguza soko kuu Julai 2021, mitaa inayolizunguka iliendelea kufurika. Lakini msongamano huo ni hoja ya kuanza mapema, kama Trafford na Bluewater zinavyotufundisha. Tangu Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, mwenye gari amejifunza kwamba anaweza kumaliza shughuli zake bila kufika mjini. Upande wa pili, tumekuwa tukiwahamisha wamachinga kwenda mahali walipopangiwa bila kuwauliza wapita njia wako wapi. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilijengwa mahsusi kwa ajili yao, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilibaki bila wafanyabiashara. Sababu yake ni ileile iliyomwangusha fundi viatu wa Dudley: biashara ndogo huishi kwa watu waliokuja kwa jambo jingine. Yule alinyang'anywa wapita njia, na huyu aliondolewa palipo na wapita njia. Kanuni ya ngazi kwetu ingepaswa kuanza na machinga, kwa kumtafutia nafasi pembeni mwa kituo cha mwendokasi, stendi na soko kabla ya kufikiria kiwanja cha mbali.

Kwa hiyo kabla ya saini, kikao cha madiwani kinahitaji majibu ya maandishi kwa maswali matatu. Mwombaji alitafuta wapi ndani ya mji, na kwa nini alishindwa? Nani atapoteza wateja mradi ukifunguliwa, na asiye na gari atafikaje huko? Na halmashauri yenyewe imeandaa kiwanja gani katikati ya mji ambacho ingeweza kumpa badala yake? Swali la tatu ndilo linaloumiza, kwa sababu linamgeukia anayeuliza. Mara nyingi jibu lake litakuwa kwamba hakuna kiwanja kilichoandaliwa, na hapo kikao kitakuwa kimegundua mahali pa kupeleka bajeti ya mwaka unaofuata. Halmashauri isiyoweza kulijibu swali hilo haina sera ya kufufua mji, hata ikiwa na michoro mizuri kiasi gani ukutani.